Mama Mnana Aliyewasukia Kunguru

Zamani ndege walipokuwa na mafundi wao, Mama Mnana, msusi wa viota, alitaka apate kazi mjini kabla ya kuwahamisha makinda wake. Akatuma salamu kwa Tausi, jirani wa zamani aliyepata cheo huko, amtafutie kazi. Tausi, akiwa kwake, akawajibu wajumbe, "Mwambieni nipo safarini."

Siku moja akapita Kunguru wa mjini. Ndege wote wakamzomea, "Mwizi wa vifaranga!" Mama Mnana akampa maji na jamvi la nyasi apumzike.

"Dada, laini hivi! Mjini tunajenga kwa nyaya, watoto wanachomwa migongo."

"Masikini! Wapelekee hilo jamvi."

Baada ya wiki Kunguru akarudi anacheka. "Hamia, fundi! Wateja wamepanga foleni, na Tausi yumo."

"Mwambie nipo safarini," akasema Mama Mnana, akiwapanga makinda mgongoni. "Nikifika, nitamsukia na yeye."