Programu ya Kompyuta Mbili

"Kompyuta naijua kuliko wajukuu zangu wote," bibi alimwambia mwalimu. "Yaani kuipangusa vumbi."

Mwalimu alicheka, akamwonyesha zana ya bure ya kuanzia kuandika programu. Ilikuwa nyepesi, ila ya Windows tu.

"Hiyo hapana, mwanangu. Kompyuta yangu ni ya Windows, ya mzee wangu ni ya Linux. Nataka kidirisha kimoja cha kuuliza 'Umeamkaje?', kifunguke kwangu na kwake."

"Basi chukua hii nyingine, nayo ni bure. Itakusumbua kidogo, lakini ukiandika mara moja inakubali kote. Mzee ana toleo gani la Linux?"

"Sijui. Yuko safarini."

Huu ulikuwa mwezi wa nne anasema hivyo, hata kwa watu waliolibeba jeneza la mzee.

"Hamna shida, bibi. Namba yake uliiandika kwenye fomu. Ngoja nimuulize."

Mkoba uliokuwa mapajani mwa bibi ukatetemeka, kisha ukaanza kuita. Aliubana kwa viwiko viwili, kama anayembembeleza mtoto anyamaze.

Mwalimu aliutazama mkoba, akashusha simu yake taratibu.

"Kaisahau," bibi alisema. "Namchajia kila asubuhi, asije akarudi akaikuta imezima."