Jogoo wa Presha ya Kushuka

Jogoo wa Saturnini alikuwa hajawika tangu Jumanne, na aliyejua sababu ni Saturnini peke yake. Au ndivyo alivyojidanganya. Kwa kujidanganya, bwana huyu hana mpinzani Nachingwea nzima.

Leo Alhamisi alikuwa kitini, chumba namba nne cha kliniki ya moyo, mkono kaunyoosha mezani. Klementina alimfunga kitambaa cha mashine ya presha, akakikaza bila huruma. Utaratibu ndio huo tangu Saturnini atoke wodini: kabla ya watu wa benchi la nje, anaanza yeye. Presha ikizidi mia na arobaini, au ikigundulika dawa hanywi, hakuna kazi. Anapanda gari la rufaa siku hiyohiyo. Na kazi yake haikuwa na wa kumshikia.

Miezi minne iliyopita moyo ulimwangusha harusini Ruangwa, sahani ya kitimoto mkononi. Alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa nyama imeenda wapi. Mpaka leo akikumbuka hucheka, kisha hushika kifua. Maana aliogopa, jamani. Aliogopa kufa, na bado chumvi ilimshinda.

"Chumvi?" Klementina aliuliza, jicho kwenye mashine.

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo gani? Wewe kwenu kijiji cha Chunyu, na chunyu ni ukoko wa chumvi; chumvi iko mpaka kwenye jina. Sigara?"

"Nimeacha."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Mashine ililia. Mia na thelathini na nane. Saturnini akashusha pumzi kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"Leta vidonge."

Alimimina kifuko mezani. Vilikuwa kumi na viwili, sawasawa na kadi. Ukweli ni kwamba vitatu alivisahau, na Jumanne, badala ya kukiri, alivirusha dirishani ili hesabu ikubali. Mtu mzima na mvi zake, anafanya ujanja wa darasa la pili! Jogoo alikuwa chini ya dirisha. Alidonoa vyote, na tangu hapo anatembea kwa hatua za bwana harusi, mitetea inampita tu.

Klementina alivirudisha vidonge kifukoni, kimoja kimoja.

"Baba Fidelis, jogoo hajambo?"

Saturnini alitazama dari. Mke wake! Mke wake alikuwa amepiga simu.

"Hajambo," alisema kwa sauti ndogo. "Presha yake tu ndiyo imeshuka."

Benchi la nje likaangua kicheko. Kumbe mlango ulikuwa wazi. Klementina hakucheka. Machozi yalimlengalenga.

"Ukitufia wewe, sisi tutakwenda wapi?"

Saturnini alitaka kutia utani, akaacha. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

"Nisamehe, mama. Sirudii tena."

"Kinywe cha leo hapahapa, nikuone."

Akakinywa. Akafungua na kinywa, akaonyesha ulimi, maana heshima yote ilikuwa imeshakwenda na jogoo.

"Gari la rufaa nimekusamehe leo," alisema Klementina. "Safari ijayo nakupandisha mwenyewe. Haya, kazini."

Saturnini alinyanyuka, akanawa mikono, akalitoa koti lake jeupe msumarini na kulivaa. Klementina, mgonjwa wa kwanza kwenye foleni, aliyechaguliwa na wenzake wa benchi kumpima, alihamia kile kiti alichokiacha, akakunja mkono wa gauni lake na kuunyoosha mezani.

"Dawa umekunywa zote, mama?"

"Zote, daktari. Mimi sifugi kuku."