Maua ya Nyuma ya Parcelle

Habari ilikuwa inanichoma mudomo: jana Musafiri, kijana wa jirani yetu, aliniomba tuoane, na nikaitika!

Mais mama alinikamata kwanza nyuma ya nyumba, udongo ku mikono.

"Weye ulisoma agronomie. Gani itakuwa murefu na kurudilia kila mwaka? Nimechoka kuona ba jirani bale."

Mukono yake moja ilishika maua ya canna, ingine ya marguerite. Canna inapita kichwa ya mutu. Marguerite inaishia ku magoti.

Akili ikanizunguka. Nikaonyesha marguerite.

Mama akaangalia kidole yangu, kisha lupango inayotutenganisha na kwa kina Musafiri.

"Ile ya mufupi? Donc Musafiri atakuwa anakuona muzuri."

Akanipatia jembe, bila kucheka, bila kasirani.

"Haya, chimba, madame Musafiri."