Majani ya Mwisho Chuoni kwa Mnana

Mnana alikuwa na chuo cha kufundisha ndege kusuka viota, na kila msimu waliofeli mtihani walikuwa ndege wa ng'ambo ya mto.

"Wale midomo yao mizito," alisema, akawafukuza.

Nguchiro, asiyeamini jambo mpaka ahesabu, alikaa chini ya mti wa chuo hicho misimu mitatu akiandika kwenye gome. Siku moja akamwendea Mnana.

"Mwalimu, kila aliyefeli alisukia majani ya mwisho. Unayakata alfajiri na kumpa anayewahi. Wa ng'ambo wanatoka mbali. Wakifika, yaliyobaki yamekauka."

"Visingizio tu, Bwana Nguchiro! Fundi wa kweli husuka hata makapi."

"Basi suka wewe. Ya mwisho ya leo haya hapa."

Mnana akacheka, akaanza kusuka mbele ya wanafunzi wote. Jani la kwanza likakatika, la pili likakatika. Kufika adhuhuri alikuwa anatokwa jasho, na kiota chake kikaporomoka chini vipande vipande.

Mnana akashuka, akalichukua lile gome, akaliangalia.

"Niliowafukuza ni wangapi?"

"Kumi na wawili. Majina yao yote ninayo."

"Waite warudi. Kuanzia kesho nitakata majani mara mbili, alfajiri na wao wakishafika." Kisha akamrudishia gome. "Na jina langu liongeze hapo chini. Mtihani tutaurudia kumi na watatu."