Kipande cha Kumi na Tatu

Malipo ya kahawa huja mara moja kwa mwaka, kwa hiyo Mama Tunsume hununua sabuni yote siku hiyohiyo na kuikata kwa uzi, kipande kimoja kwa kila mwezi. Safari hii mkamwana wake, Sekela, alihesabu vipande kumi na vitatu, vyembamba kuliko vya mwaka jana.

“Mama, umeongeza mwezi? Mungu mwenyewe aliridhika na kumi na miwili.”

“Hesabu tu, fundi.”

“Basi hiki cha nani?”

“Cha nepi.”

Sekela alikuwa hajaitaja mimba hata kwa mumewe, kwa kuogopa kuongeza mdomo katika nyumba inayojibana hivyo.

“Mama, tutaweza?”

Mama Tunsume alikichukua kile kipande, akakianika dirishani peke yake, maana sabuni kavu haiishi upesi.