Kochi la Ukumbi wa Tatu

Msichana mmoja alikuwa amemkalia marehemu mume wa Yumtso, akila soseji na kujipiga picha.

Katika kumbi mbili za kwanza za makumbusho yale ya mji wa Xining, China, Yumtso alikuwa amezipita picha za kale za Wachina, milima na ukungu, na za Watibeti, miungu iliyochorwa vitambaani, bila hata kuinua macho. Kilichomleta kilikuwa hiki cha ukumbi wa tatu, wa sanaa ya kisasa: kochi zima lililobandikwa vigae mia nne vya udongo, kila kimoja na sura ya Buddha. Watu wazima na akili zao walipanga foleni kulikalia. Uchafu mtupu.

Kwa Watibeti wenzake, majivu ya maiti huchanganywa na udongo, hufinyangwa kigae kama hivyo, kisha huwekwa pangoni mlimani kabla siku arobaini na tisa za kifo hazijaisha. Cha mumewe Dorlha kilikuwa kikikaukia ghalani, na wiki iliyopita kilitoweka. Kesho ndiyo siku yenyewe. Asipopelekwa, Dorlha angetangatanga asijue pa kwenda.

Alimwinua yule msichana kwa mkono, akaketi sakafuni, akagoma kutoka. Mlinzi akamwita msimamizi wa maonyesho, Bi Fu.

“Bibi, hii ni sanaa,” Bi Fu alisema kwa upole.

“Hawa ni watu, binti. Babu yako ungemtandika hapa, wageni wamwekee makalio?”

Bi Fu alitazama kibao ukutani. Alikiandika mwenyewe, kwa majivuno, kwamba kila kigae kina majivu ya mtu. Sasa maneno yale yalimtia kinyaa, na mikono yake, iliyovibandika vingine, akaifuta kwenye sketi.

Akauliza atamjuaje wa kwake. Yumtso alijibu kwamba mgongoni alimpachika kipande cha feruzi, jiwe la buluu la hereni yake. Wakaanza kubandua kwa kisu, kimoja kimoja, umati ukinung'unika. Cha sitini na kitu kilikuwa na feruzi. Yumtso alikifunga kwenye leso, akakitia kifuani, akalia kimyakimya.

Bi Fu naye machozi yalimlengalenga. Akaahidi kulifunga onyesho siku hiyohiyo, na wote wale warudishwe mlimani kwa heshima.

“Hao waache tu,” Yumtso alisema, akisimama haraka. “Hao hawana shida.”

Kabla hajaufikia mlango, msanii mwenyewe, Bwana Shao, aliingia. Alipomwona, uso ulimchangamka.

“Mama Yumtso, afadhali nimekukuta. Lile gunia la vigae nililolichukua ghalani kwako wiki iliyopita limekwisha. Unaweza kunifinyangia lingine la udongo mtupu kufikia Ijumaa?”