Yai la Asubuhi Nzima

Ilimchukua Nthenya asubuhi nzima kumaliza yai moja la kuchemsha. Alilikatakata kama la kumlisha mtoto, akatafuna kila kipande mpaka kikawa maji, kisha akangoja aone kama tumbo litakipokea au litakirudisha. Hakuwa na njaa. Tangu apunguzwe tumbo kwa operesheni, alikuwa amesahau hata njaa inaanzia wapi.

"Bado nusu, Mama Mulei," mumewe Nzomo alimhimiza. "Daktari alisema ukiacha mayai na samaki utaishiwa na nguvu."

"Na wewe mbona hujala?"

"Mimi nitakula aje na wewe uko hivi?"

Nthenya akacheka. Nzomo naye alikuwa ametoboa tundu jipya kwenye mshipi wake. Mapenzi gani haya, ya mume kukonda kwa kumhurumia mkewe!

Nzomo ndiye aliyeleta habari za yule daktari wa Nairobi anayepunguza tumbo. Nthenya alikuwa mwanamke mzito, ana sukari, magoti yamechoka, na kile kilima cha kutoka sokoni Kikima hadi nyumbani kilimtoa jasho na machozi. Nzomo, aliyekuwa akipeleka maembe Mombasa, aliuza ng'ombe, akasema wasichelewe, na mwezi wa Juni mwaka 1996 akampeleka mwenyewe. Majirani waliambiwa Nthenya yuko kwa dada yake. Kitu kimoja tu Nzomo alimwomba, kwamba asimwambie mtu yeyote.

"Hawa watu wa kanisa watasema umekatwa tumbo kwa maringo," alisema. "Wacha iwe siri yetu."

Nthenya akaahidi. Mume aliyemuuguza vile angemnyima nini?

Mwanzoni alikunywa supu na uji uliochujwa. Baadaye akapewa ndengu zilizopondwa, na sasa alikuwa amefika kwenye mayai. Mbele yake, mbali kama Mombasa, kulikuwa na sahani ya muthokoi. Mahindi yale yaliyokobolewa kwa kinu, yakapikwa na maharagwe, aliyapenda tangu utotoni, lakini siku hizi yalimnukia gunia. Alikula kwa kutazama saa, si kwa hamu. Alijilazimisha kwa sababu alitaka mashavu yake yarudi.

Maana hayo mashavu yalikuwa yameleta maneno. Miaka ile mtu akikonda pale Kikima hakuulizwa anakula nini. Watu waliulizana pembeni alilala na nani. Ukimwi ulikuwa umewazika wengi, na walio hai walipata kazi ya kukagua shingo za wenzao. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," walinong'ona, kisha wakaacha kununua maandazi ya Nthenya. Mwanamke aliyeimba kwenye kwaya tangu usichana wake, leo jina lake lilikuwa linatupwa hivi hivi.

Septemba kanisa lilimpokea mchungaji mpya, wakapika. Nthenya aliamua atakula mbele ya macho ya watu, wamwone. Alikuwa amejizoeza nyumbani kwa siku kadhaa. Lakini Muthoki, rafiki yake waliyebatizwa naye siku moja, hakumpakulia kwenye sahani za kanisa. Alimtolea sahani ya plastiki kutoka kwenye mfuko wake, bila kumtazama. Nthenya alimeza vijiko vitatu vya muthokoi kwa shida. Walipoanza kuosha vyombo, aliiona sahani yake imetupwa kwenye shimo la taka.

Iliuma. Kisu cha daktari hakikumuuma vile.

"Niwaambie ukweli, Baba Mulei," alimsihi mumewe jioni, akilia. "Nimechoka kuzikwa na mimi ni mzima."

"Uliniahidi," Nzomo alisema. "Wacha waseme. Watachoka."

Hawakuchoka. Jumanne mtu mmoja aliyekuwa akimuuzia maziwa alimwomba aache pesa juu ya jiwe. Nthenya aliziacha pale, akaondoka bila maziwa, akaenda moja kwa moja hadi kwa Muthoki. Ahadi ni ahadi, lakini jina likishaoza nani atalirudisha?

Muthoki alikuwa mlangoni akimenya mbaazi. Alimwona, akavuta kigoda chake nyuma kidogo. Nthenya hakungoja kukaribishwa. Alipandisha blauzi yake pale pale, akaonyesha kovu refu lililoshuka kutoka kifuani hadi kitovuni.

"Angalia vizuri, Muthoki. Hii si ugonjwa, ni operesheni. Nilipunguzwa tumbo juu ya sukari. Na damu yangu walipima kwanza, haina kitu. Ndiyo maana nakonda, ndiyo maana siwezi kula. Wewe umenijua miaka yote hii, na bado ukanitupia sahani kwa shimo!"

Muthoki aliliangalia lile kovu kwa muda mrefu. Akaacha kumenya.

"Ulipasuliwa lini?"

"Juni. Muulize Baba Mulei, hakutoka kando ya kitanda changu."

"Juni," Muthoki alirudia. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Nisamehe, Mama Mulei. Nzomo alikuja hapa kwetu wakati wa Pasaka. Wewe ulikuwa bado na mwili wako wote. Alilia mbele ya mzee wangu, na mimi nikiwa hapo, akasema amepimwa ukimwi Mombasa na ako nao. Mzee akamuuliza ameutoa wapi."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Kwa mke wangu. Na kama hamniamini, ngojeni tu. Aliyeuleta ndiye atakayekonda kwanza.'"